Kopo la Karanga Kutoka Mlali

Kwa miaka mingi nilifundisha wanafunzi wa maabara namna ya kutafuta sumu. Chuo chetu kiko hapa Dodoma, na somo langu walilipanga Jumanne baada ya chakula cha mchana, saa ambayo hata mwalimu mwenyewe kope zinamwelemea. Ndiyo maana nilianza kuwasimulia kesi za zamani. Mtu anayesinzia kwenye kanuni za kemia hasinzii ukimwambia habari za mke wa Ufaransa aliyemwokea mumewe keki.

Kesi niliyoipenda kuliko zote ilitokea Uingereza, yapata miaka mia mbili iliyopita. Mzee mmoja mkulima, mwenye mali, alikunywa kahawa yake ya asubuhi akafa, na mjukuu wake akashitakiwa. Mkemia aliyeitwa aliitafuta aseniki kwenye kahawa ile na akaipata; ilijitenga ikawa ya njano chini ya chombo. Lakini hadi siku ya kesi ile njano ilikuwa imeharibika. Wazee wa baraza pale mahakamani walitazama, wakatazamana, wakaona hakuna kitu. Mjukuu akaachiwa huru, na baadaye akakiri kwamba ni yeye. Mkemia alikasirika mpaka akaenda kutengeneza kifaa kipya, cha asidi na zinki, ambacho hewa yake ukiiwasha na kuweka sahani baridi ya kaure juu ya mwali, aseniki inaacha doa jeusi linalong'aa. Doa hilo hata asiyejua kusoma analiona. Nilimpenda mkemia yule kwa hasira zake, maana na mimi nina hasira za namna hiyo. Sipendi kubishiwa nikiwa najua.

Kila mwaka niliwaonyesha wanafunzi doa hilo, ndani ya kabati la kufyonzea hewa, nikijidai kama mganga wa kienyeji. Kisha niliwapa upande wa pili wa habari. Muda mrefu baada ya kifaa kile kupatikana, sumu za mimea ziliendelea kupita mbele ya wakemia bila kuonekana. Mkemia mwadilifu alisimama mahakamani akaapa kwamba mwili wa marehemu hauna kitu, kumbe umejaa. Hadi mwenzao mmoja wa Ubelgiji alipojifungia miezi kadhaa na vipande vya mwili wa maiti, akatoa humo nikotini ya tumbaku. Hapo niliinua kidole na kuwaambia: kipimo hujibu lile tu ulilokiuliza. Wakaandika kwenye madaftari yao. Ningeandika na mimi ingekuwa bora.

Somo la kwanza kabisa, kabla ya hao Wazungu, lilikuwa la mwavi. Niliwaeleza kwamba zamani, sehemu nyingi za bara, mtu akituhumiwa uchawi au kulisha watu sumu alinyweshwa maji ya magome. Akitapika, hana hatia. Akifa, ndiye. Wanafunzi walicheka kila mwaka, na mimi nilicheka nao.

Mama mdogo wangu hakuwahi kukaa darasani kwangu, lakini alijua kazi yangu na alijivunia. Alikuwa mdogo wake mama, mzaliwa wa Majengo kama sisi wote, kwenye nyumba ya wafanyabiashara ambao babu zao walikuja na misafara wakaishia hapa. Aliolewa kijijini Mlali, mke wa pili kwa mkulima wa karanga. Mke mkubwa akafariki, mume naye akafuata, na mama mdogo, ambaye hakujaliwa mtoto, akabaki nyumba moja na kijana wa mke mwenzie, mke wa kijana huyo na watoto wao watatu. Mama yangu alipofariki nikiwa darasa la tano, likizo zangu zote nilizimalizia Mlali. Mlenda wake wa karanga niliuota nikiwa bwenini. Yeye mwenyewe hakula karanga. Zilimletea kiungulia tangu ujana wake, kwa hiyo alitwanga, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

Mwaka ule mahindi yalikauka yakiwa kiunoni. Karanga ndizo zilizopona, na hizo nazo zilivunwa kwenye mvua iliyokuja wakati hakuna aliyeihitaji. Zile nono zilipelekwa Majengo kwa wanunuzi. Zilizosinyaa zikabaki nyumbani, kama inavyofanyika kila mwaka na kila nyumba. Watoto walikunywa uji wa karanga asubuhi na jioni, na mchana wakala mboga ya karanga na tonge dogo la ugali. Ilipofika mwezi wa nne wa kula hivyo, wa kiume, mwenye miaka minne, alianza kulalamika tumbo. Macho yakawa ya njano, miguu ikavimba. Dada yake akafuata. Wa kiume alikufa Jumatatu, dada yake Alhamisi. Mkubwa wao alilazwa akapona, na huko hospitali waliambiwa tu kwamba ni ini.

Nilifika Mlali Ijumaa kwa basi la asubuhi. Jambo la kwanza nililoliona msibani ni chai. Mama mdogo alikuwa amepika birika zima, akapitisha vikombe kama mwenye nyumba, na hakuna aliyepokea. Wanawake walisema wamekunywa, wengine kwamba wamefunga. Akarudi jikoni na sinia lake limejaa, akakaa kwenye kigoda akaanza kuvinywa vile vikombe mwenyewe, kimoja baada ya kingine, bila kutazama mtu. Mpaka leo nikiona sinia la chai nakosa raha.

Mtoto wa mke mwenzie alinivuta pembeni, nyuma ya ghala.

"Kaka, wewe ndiye mtu wa sumu. Mimi simtuhumu mtu, maana huyu amenilea. Lakini anayetwanga karanga ni yeye, anayekoroga uji ni yeye. Na yeye hali. Watu wananiuliza mbona yeye hali, na mimi sina jibu."

"Ana kiungulia," nikasema. "Tangu sijazaliwa."

"Hilo najua mimi na wewe. Kawaambie hao waliokaa pale."

Nilimfuata mama mdogo jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umesikia?"

"Nimesikia."

Hakulia. Aliinuka akaleta kopo la bati alilokuwa akitunzia karanga zilizotwangwa, akalifunga kwa kipande cha kanga na kunikabidhi kwa mikono miwili. "Kapime," akasema. "Nusu nimebakiza hapa, wasije wakasema nimeficha. Kapime uniambie, na wao waambie."

Nilipima, na nilipima vizuri. Kinachoniuma ni kwamba sikuzembea hata kidogo. Nilitafuta aseniki kwa mkono wangu, kwa kifaa kilekile cha mkemia wangu mwenye hasira, na sahani ikabaki nyeupe. Nilitafuta dawa ya panya. Nilitafuta dawa za kuhifadhia nafaka na zile za kupulizia mboga, kila kitu ambacho mtu wa Mlali anaweza kukinunua dukani na kukitia kwenye chungu. Siku tatu nilikaa maabara, nikala ndizi za kuchoma nikiwa nimesimama. Nilikuwa nimeulizwa kama kuna mtu ametia sumu, na mimi nilitafuta sumu inayotiwa na mtu.

Sumukuvu nilikuwa naijua. Ni sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga zilizopata unyevu, na jirani yangu wa ofisi ndiye aliyekuwa anaifundisha, kwenye somo la usalama wa chakula, ambalo mimi nililiita somo la mama ntilie. Taa ya zambarau inayotumika kuionyesha ilikuwa kabatini, hatua nne kutoka meza yangu. Haikunijia akilini. Nilikuwa nawaza mahakama, mtuhumiwa, na mimi shahidi.

Kwenye karatasi niliandika kama inavyotakiwa, kwamba sumu zilizotajwa hapo juu hazikuonekana kwenye sampuli. Lakini karatasi ilichelewa kufika, na mimi nilikuwa na haraka ya kumtoa mama mdogo kwenye aibu. Nikapiga simu. Nikamwambia kijana wake aweke spika ili waliopo wote wasikie. Nilisikia kuku, nikasikia watu wakinyamazishana.

"Karanga ni safi," nikasema kwa sauti ya darasani. "Hazina sumu yoyote. Anayebisha aje Dodoma nimwonyeshe."

Nilimsikia mama mdogo akishukuru Mungu, na baadaye vigelegele vya mtu mmoja, ambavyo nadhani vilikuwa vyake mwenyewe. Jioni ile nilikwenda nyumbani Miyuji kwa mguu, nimeridhika, na nikala vizuri.

Nilirudi Mlali kwenye arobaini ya watoto. Nilikuta watu wengi zaidi kuliko siku ya mazishi, na visomo vilikuwa vimeanza. Mama mdogo alikuwa amekaa katikati ya uwanja, juani, sehemu ambayo kila anayeingia na kutoka lazima amwone. Mbele yake palikuwa na bakuli la mboga ya karanga na ugali.

"Mama, kiungulia?"

"Kiungulia kinaniua, baba," akasema, akicheka kidogo. "Lakini nakula. Tangu uliposema kwenye simu nakula asubuhi na jioni, hapahapa, kila mtu ananiona. Zilezile za mavuno yale, nazitwanga mbele yao. Nusu kopo imekwisha, nimeanza gunia. Wewe umesema ni safi, nani tena atauliza mbona sili?"

Aliinua uso kunitazama, na jua likampiga machoni. Weupe wa macho yake ulikuwa wa njano. Nikatazama miguu yake iliyonyooka juu ya mkeka; ilikuwa imevimba, kandambili zimeacha alama. Nilielewa yote kwa mara moja, pale pale nimesimama, visomo vikiendelea. Nilimnyang'anya bakuli. Nilimnyang'anya kwa nguvu, mtu aliyenilea, na mchuzi ukamwagikia kanga yake. Watu wakageuka.

Siku hiyohiyo nilikodi gari nikaja naye mjini. Mke wa kijana wake alisimama mlangoni wakati tunampakia, mikono ameikunja kifuani. Hakusema na mimi. Alisema na mwanamke aliyekuwa karibu naye, lakini nilimsikia.

"Inamrudia."

Mama mdogo naye alisikia. Alilazwa siku tisa. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu, akanieleza habari za ini kwa upole kama vile mimi ni mzee asiyejua kitu, na sikumkatiza. Siku ya sita mama mdogo alinishika mkono. Ngozi yake ilikuwa imegeuka rangi, na kucha zake ambazo hazikuwahi kukosa hina zilikuwa hazina kitu.

"Baba, wanasema imenirudia."

"Waache waseme."

"Hapana, usiwaache. Nikifa watasema ndiyo hiyo, si mmeona. Watoto wale niliwabeba mgongoni. Usiniache na jina hilo."

Nilimwahidi. Sikumwambia kwamba ni zile karanga. Sikumwambia kwamba ni sauti yangu kwenye simu iliyomweka juani na bakuli lile. Hakuuliza, na mimi niliitumia nafasi hiyo ya kutoulizwa, siku zote tatu zilizobaki, nikimlisha uji wa mchele kwa kijiko. Nimejaribu kujiambia kwamba nilimhurumia. Niliogopa, basi. Alizikwa mjini, kwenye makaburi ya ukoo wetu, na kutoka Mlali alikuja mtu mmoja tu, yule kijana wake, akatupa udongo na kuondoka kabla ya dua kwisha.

Baada ya siku tatu za matanga niliingia maabara peke yangu. Kwenye lile kopo la bati zilikuwa zimebaki kama vijiko viwili. Nilifanya kipimo cha sumukuvu hatua kwa hatua, nikifuata kitabu cha jirani yangu kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nikafunga mapazia na kuwasha taa. Mstari wa bluu, rangi ya sumukuvu chini ya taa ile, ukawaka. Uliwaka sana kiasi kwamba hakukuwa na haja ya kuulinganisha na kitu, ingawa nililinganisha. Nilizima taa nikakaa kwenye stuli gizani, na nikalia kwa sauti, mzee mzima mwenye koti jeupe, mpaka mlinzi akagonga kuuliza kama kuna tatizo.

Niliandika karatasi ya pili nikaenda nayo Mlali. Nilikuwa nimepanga maneno njiani kote. Nilijua la kwanza nitakalosema ni kwamba nilikosea, na nililisema, na haikuwa rahisi. Kijana alikaa kwenye kiti, mimi nikapewa kingine. Mkewe alikuwa chini kwenye mkeka, upande wa kivuli, anamenya karanga, na mkubwa wao yule aliyepona amelala usingizi wa mchana kando yake.

"Ya kwanza ilisema hakuna, ya pili inasema ipo," kijana alisema, akiigeuza karatasi. "Kaka, ya tatu itasema nini?"

"Hakutakuwa na ya tatu. Mama yenu hakumtilia mtu kitu. Sumu ilikuwa kwenye karanga zenyewe, kabla hajazishika. Angejua asingekula yeye."

"Alikula kwa sababu ulisema ni safi."

"Ndiyo. Kwa sababu nilisema."

Nilimwona anaanza kuelewa, na nilimwona anavyoumia kwa kuelewa, maana alikuwa anampenda yule mama kwa namna yake na alimwacha. Ningeishia hapo. Kazi niliyoahidi ilikuwa imekwisha, au karibu kwisha. Lakini mkewe akauliza, bila kuinua kichwa, hiyo sumu iliingiaje kwenye karanga kama hakuna aliyeitia, na mimi ni mwalimu. Swali la namna hiyo silipiti.

Nikaeleza. Nikasema ni ukungu, mwingine hauonekani hata kwa macho. Nikasema karanga iliyokauka vizuri ndani ya ganda haina shida, bali ikipata maji halafu ikafungiwa kwenye gunia ikiwa bado na unyevu, ukungu unaota ndani kwa ndani. Nikasema mvua ya kwenye mavuno ilianza, lakini mvua peke yake isingefikisha kiwango kile nilichokiona; lazima zilipata maji tena, baadaye. Nilikuwa naeleza vizuri. Nilikuwa hata nimeinua kidole.

Ndipo nilipogundua kwamba sauti ya maganda imekoma. Kando ya mkeka palikuwa na beseni la maji, na karanga zilikuwa humo, na mikono yake ilikuwa humo pia. Wanalowanisha ili ganda lilainike, vidole visichubuke, kisha zilizomenywa zinarudishwa guniani. Gunia zima la kumenya kwa mikono si mchezo. Nimewaona wakifanya hivyo tangu nikiwa mtoto na sijawahi kuwaza chochote. Mama mdogo alikuwa anatwanga tu. Kumenya ilikuwa kazi ya mkwewe.

Alitoa mikono kwenye maji taratibu, akaitazama, akaifuta kwenye kanga upande mmoja kisha mwingine. Mumewe alikuwa bado anasoma karatasi. Yeye hakuwa ameona. Mimi nilitaka kusema neno, kwamba hakujua, kwamba hakuna anayejua, kwamba hata mimi mwenye vyeti sikujua, na maneno yote hayo yalikuwa ya kweli na hakuna hata moja lililonitoka.

Alimtazama mtoto aliyelala, kisha akanitazama mimi.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, ili mumewe asisikie, "si ungeniacha tu niamini ni yeye."